Pikipiki Inayopata Moto na Kuzimika: Chunguzeni Nje Kabla ya Kufungua Injini

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa mbele ya waendeshaji wa bodaboda, mafundi na wenye pikipiki waliokutana sokoni. Tumeyachapa kwa sababu wengi waliomba wayasome tena nyumbani.)

Najua ya kuwa kila saa mnayokaa hapa ni abiria ambaye hamkumchukua. Kwa hiyo sitawapotezea wakati kwa dibaji ndefu.

Nataka kuzungumza nanyi habari ya ugonjwa mmoja wa pikipiki ambao kila mmoja wenu ameuona, au atauona. Pikipiki huondoka nyumbani asubuhi ikiwa nzuri. Ikifika saa nne, jua likiwa kali, injini huwa moto kupita kawaida, hata mguu wa mwendeshaji husikia. Kisha kila mara anaposimama kumngojea abiria, injini hutetemeka, hukohoa mara moja au mbili, huzimika. Akiipiga kiki mara nyingi huwaka. Akienda, huenda vizuri. Akisimama, huzimika tena.

Neno langu leo ni moja tu, nanyi mkilishika mtakuwa mmepata faida. Joto jingi na kuzimika, vikija pamoja, mara nyingi si magonjwa mawili. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili, na chanzo chake mara nyingi ni kitu kidogo kilicho nje ya injini. Basi msikubali injini ifunguliwe kabla hamjachunguza vilivyo nje.

Jinsi nilivyojifunza jambo hili

Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, zile zisizofika sentimita za ujazo 250. Tangu wakati ule pikipiki zimeenea hata katika vijiji ambavyo gari hupita kwa shida. Ndugu yangu mdogo ni mmoja wa wale waliopata riziki kwa njia hiyo. Alinunua pikipiki ya silinda moja, ya sentimita za ujazo 125, ya kupozwa kwa upepo, kwa fedha alizokopa katika chama cha akiba cha mke wake na wenzake. Kila juma alilipa sehemu yake bila kukosa.

Mwaka wa pili ugonjwa huu ukaingia. Kwanza alifanya kama wafanyavyo wengi: aliikaza skurubu ya mwendo ili injini izunguke kwa kasi zaidi isizimike. Siku chache ikatulia, kisha ikazidi kupata moto. Akaipeleka kwa fundi. Fundi yule hakumwuliza swali hata moja. Aliigusa injini kwa kidole, akasema, "Ringi zimekwisha," akaifungua siku ile ile. Silinda ikachongwa upya, pistoni mpya na ringi mpya zikatiwa. Gharama yake ilikuwa shilingi 11,500. Ndugu yangu hakuwa nazo. Akauza mtamba aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya karo ya binti yake, aliyekuwa akingoja kuingia kidato cha kwanza.

Pikipiki ikarudi nyumbani siku ya Ijumaa. Jumatatu, saa nne ya asubuhi, ikazimika pale pale stendi, ikiwa moto vile vile.

Alinijia jioni ile. Hakuwa na hasira. Afadhali angalikuwa na hasira. Alikaa chini akasema, "Kaka, ng'ombe amekwenda na ugonjwa umebaki."

Mimi si fundi. Lakini chini ya kiti cha pikipiki kulikuwa na kitabu cha watengenezaji, kwa Kiingereza, ambacho hakikufunguliwa tangu siku ya kununuliwa. Tulikaa nacho usiku ule, mimi nikisoma na kueleza, yeye akishika taa na kunionyesha kila kitu mahali kilipo. Asubuhi tukamtafuta fundi mwingine, mzee mwenye subira, naye akatufundisha mengine ambayo hayamo kitabuni. Haya nitakayowaambieni yametoka kwa hao wawili, kitabu na mzee.

Injini hula nini

Injini hula vitu vitatu: hewa, petroli na cheche. Hewa na petroli huchanganywa na kabureta kwa kipimo. Kwa uzani, sehemu moja ya petroli huhitaji karibu sehemu 15 za hewa. Mchanganyiko huo huvutwa na pistoni, hubanwa, huwashwa na cheche ya plagi, husukuma pistoni, na moshi hutoka.

Lakini si joto lote la petroli linalogeuka kuwa kazi. Karibu robo tu ndiyo husukuma gurudumu. Linalobaki hutoka kwa bomba la moshi na kwa mwili wa injini. Motokaa nyingi zina maji ya kupoza. Pikipiki za namna hii hazina. Zina yale mapezi ya chuma mnayoyaona yamezunguka silinda, na upepo unaopita katikati yake. Pikipiki ikisimama, upepo hakuna.

Tena, wakati wa kusimama ndio wakati injini inapokula kidogo kabisa. Pikipiki nyingi ndogo hutengenezwa ili zizunguke kiasi cha mara 1,400 kwa dakika zinaposimama. Mkono wa mafuta umefungwa, njia ya hewa imebaki nyembamba, na petroli hupita katika jeti ndogo yenye kitundu kama tundu la sindano. Pistoni huvuta kwa nguvu, lakini kinachopita ni haba.

Sasa tuseme kuna ufa katika shingo ya mpira inayounganisha kabureta na injini. Hewa isiyopimwa huingia kwa ufa ule. Fikirini mama anayepika uji. Akimwaga kikombe cha maji katika pipa la uji wa arusi, hakuna atakayetambua. Akikimwaga kikombe kile kile katika sufuria ndogo ya uji wa mtoto mchanga, uji umeharibika. Ndivyo ilivyo injini. Ikienda mbio inakula mengi, na hewa ya ufa haionekani. Ikisimama, hewa ile ile inauharibu mchanganyiko, ukawa mwepesi kama uji ule.

Mchanganyiko mwepesi huwaka polepole. Moto wake haumalizi kazi kwa wakati, bali huendelea kuunguza hata vali ya kutoa moshi ikifunguka. Hivyo nguvu hupungua na joto huongezeka, na hapo mnaziona dalili zenu mbili kwa chanzo kimoja. Naye mwenye pikipiki akikaza skurubu ya mwendo ili isizimike, injini huzunguka mbio pasipo upepo, na joto huzidi. Amefunga mdomo wa mgonjwa asilie, bali ugonjwa uko ndani.

Maswali huja kabla ya spana

Daktari mwema humwuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Fundi naye na aulize, na mwenye pikipiki na awe na majibu. Inazimika ikiwa baridi au ikiwa moto? Inazimika ikisimama tu, au hata ikipanda mlima? Baada ya mwendo wa dakika ngapi? Je, kuna kitu kilichobadilishwa au kufunguliwa siku za karibuni? Imehama kutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini?

Swali hili la mwisho huwashangaza watu. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu kuliko ya Mombasa iliyo ufukweni. Kabureta iliyorekebishwa na fundi ili ifae kule juu, ikishushwa pwani, hukuta hewa nzito zaidi, na mchanganyiko huwa mwepesi. Pikipiki haikuharibika, imehama tu, nayo yataka kurekebishwa.

Tazameni kwa macho

Baada ya maswali, macho. Wekeni pikipiki wima mahali tambarare, mpime oili kama kitabu kinavyoagiza. Injini nyingi za namna hii huchukua karibu lita moja tu. Ikipungua nusu, kilichobaki hakitoshi kulainisha wala kubeba joto. Kisha tazameni mapezi ya silinda. Yakiwa yamejaa udongo wa mvua ya juzi uliokauka, upepo hauwezi kupita. Yaosheni injini ikiwa baridi. Msimwage maji baridi juu ya injini yenye moto, kama nionavyo wengine wakifanya mtoni, kwa maana chuma kikipozwa kwa ghafula huweza kupinda au kupasuka.

Inueni gurudumu la nyuma mlizungushe kwa mkono. Likigoma, breki inashika, na injini inavuta mzigo usioonekana mchana kutwa. Mnyororo uliokazwa mno huleta taabu hiyo hiyo. Wala sitaacha kuwataja abiria watatu na gunia la mahindi juu ya pikipiki moja. Injini ile haina ugonjwa, imeonewa.

Fikirini pia mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huifanya injini igonge na kupata moto. Uovu huu ulifika kiasi ambacho mwaka wa 2018 Serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Nunueni mahali panapoaminika, si katika chupa ya kando ya njia msiyojua ilikotoka.

Majaribio yasiyo na gharama

La kwanza ni kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kupitishia hewa. Kitundu kikizibwa na vumbi, petroli haiwezi kushuka, na injini huzimika kwa njaa baada ya mwendo fulani. Ikizimika, iacheni ipoe kidogo, na pasiwe na moto wala sigara karibu. Fungueni kifuniko msikilize. Mkisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka upesi baada ya hapo, mmepata mwizi.

La pili ni choki. Injini ikiwa moto na ikizunguka kwa shida, vuteni choki kidogo kidogo. Ikitulia, imewaambia kwa kinywa chake kwamba ina njaa ya petroli, au imeingiwa na hewa isiyopimwa. Ikizidi kulemewa na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi. Basi tazameni kama chujio la hewa limejaa vumbi.

La tatu ni maji ya sabuni. Tieni katika chupa ya kunyunyizia. Injini ikizunguka, nyunyizeni kidogo juu ya shingo ya mpira na viungo vyake, juu na chini. Sauti ya injini ikibadilika, au mkiona povu linavutwa ndani, hapo ndipo penye ufa. Wako watu wanaotumia petroli badala ya maji kwa jaribio hili. Msifanye hivyo hata siku moja. Petroli juu ya injini yenye moto ni moto wa kuteketeza pikipiki na mtu. Hali kadhalika majaribio yote ya kuwasha injini yafanyeni nje. Moshi wa injini ndani ya chumba kilichofungwa huua, na sumu yake haina harufu.

La nne ni plagi. Ifungueni mtazame ncha yake. Rangi ya hudhurungi hafifu ni afya. Nyeupe yaonyesha joto jingi na mchanganyiko mwepesi. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli nyingi. Iliyolowa oili ndiyo inayowapa sababu ya kuziogopea ringi. Muwe pia na plagi ya akiba. Injini ikizimika ikiwa moto, tieni plagi ya akiba katika kofia ya waya, iegemee chuma cha injini, na ile nyingine ibaki imefunga tundu lake. Shikeni kofia, msiguse chuma cha plagi, mpige kiki. Kama hakuna cheche wakati wa moto, na injini ikipoa cheche hurudi, ugonjwa uko katika koili au waya zake, wala si katika kabureta.

Kazi za fundi

Kama majaribio hayo yameonyesha njaa ya petroli na hakuna ufa, fundi na afungue kabureta aisafishe jeti ndogo. Aitakase kwa dawa yake na kwa upepo wa pampu, si kwa waya wa chuma, kwa kuwa waya hupanua kitundu na kipimo chake hakirudi tena.

Kisha tapeti. Wengi hudhani kwamba tapeti mbaya ni ile inayopiga kelele. Lakini ile iliyokazwa mno haisemi neno, nayo ndiyo yenye madhara makubwa. Injini ikipata moto, vali hurefuka. Kama haikuachiwa nafasi, haifungi sawasawa. Mchanganyiko hupenya, injini huzimika ikisimama, na vali huungua. Katika injini nyingi ndogo nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.05 na 0.10. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, basi oneni jinsi kipimo kilivyo chembamba. Fundi asikikisie. Apime kwa vibapa vya kupimia, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefungwa, kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni.

Haya yote yakiwa yamefanywa na ugonjwa ungali upo, hapo ndipo ipimwe nguvu ya injini ya kubana hewa, na kama ni hafifu, injini ifunguliwe. Ringi zilizokwisha zina dalili zake: moshi wa buluu, oili kupungua upesi, na udhaifu hata katika mwendo wa mbio. Pikipiki ya ndugu yangu haikuwa na hata moja ya dalili hizo. Lau yule fundi wa kwanza angaliuliza, angaliambiwa.

Tulichokiona

Yule mzee alipofika hakuleta spana mkononi. Alileta chupa ya maji ya sabuni. Aliuliza maswali yake, akavuta choki, injini ikatulia. Akatabasamu kidogo. Akanyunyiza juu ya shingo ya mpira, hakuna kitu. Akainama, akanyunyiza upande wa chini ambao jicho halifiki, na sauti ya injini ikabadilika pale pale. Aliifungua shingo, akaikunja kwa vidole vyake, na ufa ukafunguka kama mdomo, urefu wake haufiki ukucha wa kidole gumba.

Shingo mpya ilikuwa shilingi 400. Kuifunga hakukumaliza saa moja. Kisha akailegeza ile skurubu ya mwendo aliyoikaza ndugu yangu, akairudisha kipimo chake. Pikipiki ikasimama juani ikizunguka kwa utulivu, nasi tukaitazama kimya. Ndugu yangu aliushika ule mpira mkongwe, akautia mfukoni. Anao hata leo.

Mtamba hakurudi. Binti aliingia shule akiwa amechelewa muhula mmoja, baada ya shangazi yetu kutoa msaada. Sisemi haya ili kumtukana fundi yeyote. Mafundi wengi ni watu waaminifu, na kazi yao ni ngumu. Nasema kwa sababu shilingi zile hazikupotea kwa wizi. Zilipotea kwa haraka, na kwa sisi wenyewe kunyamaza.

Basi, wenye pikipiki, jifunzeni kuueleza ugonjwa kabla ya kuupeleka. Mwombeni fundi awaonyeshe kitu kibovu kabla ya kununua kipya, na kifaa cha zamani mrudi nacho nyumbani. Ninyi mafundi, msione haya kuuliza wala kufungua kitabu; mwenye kuuliza hapunguziwi heshima. Na ninyi akina mama wa vyama vya akiba, ambao fedha zenu ndizo zinazozinunua pikipiki hizi, mna haki ya kuuliza, "Je, mmechunguza nje?" kabla ya kutoa mkopo wa kuchonga silinda.

Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu yangu alijenga ukuta mzima, na ufa ukabaki.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Yule mzee yuko hapa pamoja nasi, ameketi chini ya mwembe na chupa yake ya maji ya sabuni. Mwenye pikipiki inayozimika na ailete mbele, ili tuitazame sote pamoja.